Huyu Ni Mdudu Gani? Kumtambua Mbawakawa wa Majani kwa Picha

"Huyu ni mdudu gani, na nimpulizie dawa gani?"

Maafisa ugani hupokea swali hili kila msimu mvua zinapoanza, siku hizi zaidi kwa WhatsApp, likiwa na picha moja tu: jani la maharage lililotobokatoboka, na juu yake kidoa kinachong'aa cha rangi ya chungwa. Anayeuliza anataka jina, kwa sababu jina ndilo litakaloamua kama atatoa fedha kununua dawa, atasubiri kidogo, au atapanda upya. Anayejibu hukitazama kile kidoa, hukivuta kwa vidole viwili ili kikue, nacho humvunjikia kuwa miraba ya rangi. Basi hukisia. Mkulima naye hupuliza.

Sehemu kubwa ya makisio hayo inaweza kuepukwa, tena kwa simu hiyohiyo ya kawaida. Picha nyingi za mbawakawa hukosa jina kwa kuwa mpigaji alimpiga mdudu peke yake, akauacha mmea, mahali na tarehe. Kwa kundi tunalolizungumzia hapa, mmea anaoula mdudu ni nusu ya jina lake.

Mbawakawa wa majani ni nani?

Mbawakawa ni wadudu ambao jozi ya mbele ya mabawa yao imekuwa magamba magumu. Magamba hayo mawili hukutana katikati ya mgongo kwa mstari ulionyooka, na kuyafunika mabawa laini ya kurukia. Sayansi imekwisha kuzipa majina takriban spishi 400,000 za mbawakawa. Spishi ni aina moja ya viumbe, ambao huzaana wao kwa wao. Spishi zinazokaribiana hukusanywa katika jenasi moja, na jenasi zinazokaribiana katika familia moja. Jina la kisayansi huwa na maneno mawili: katika *Ootheca bennigseni*, neno la kwanza ni la jenasi, na maneno yote mawili kwa pamoja ndiyo jina la spishi.

Mbawakawa wa majani ni familia moja kati ya nyingi, nayo huitwa Chrysomelidae. Ina spishi zaidi ya 35,000 zilizokwisha kuelezwa. Wengi hawafiki milimita 12 kwa urefu. Wakubwa hula majani na maua. Mabuu yao, kutegemea spishi, hula majani, mizizi, mashina au mbegu.

Huna haja ya kwenda mbali kuwatafuta. *Ootheca* hutoboa maharage na kunde changa. Kwenye matembele utakuta *Aspidimorpha*, mwenye umbo la kobe na kingo zinazopitisha mwanga. Kwenye bamia kuna *Podagrica*, ambaye ukimsogelea huruka ghafla na kupotea. Kwenye mpunga kuna *Trichispa sericea*, mdogo, mweusi, mwenye miiba mgongoni. Yeye na jamaa zake kadhaa hueneza virusi vya ugonjwa ambao wakulima wa Tanzania huuita kimyanga, uliogunduliwa kwa mara ya kwanza karibu na Kisumu, Kenya, mwaka 1966.

Na wapo ndani ya magunia pia. Fukusi wa maharage na wa kunde, wale wanaotoboa mbegu ghalani, kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa familia yao wenyewe. Leo wataalamu wengi huwaweka ndani ya familia hii hii ya mbawakawa wa majani. Mtu anayefungua gunia la kunde na kukuta vimayai vyeupe vimegandishwa juu ya mbegu anatazama kazi ya jamaa wa yule aliyemtobolea majani shambani.

Kwanza, hakikisha ni wa familia hii

Wanaofananishwa naye mara nyingi ni wawili.

Wa kwanza ni mbawakawa wa mviringo mwenye madoadoa, ambaye wengi wa kundi lake hula vidukari na hivyo ni msaada mkubwa kwa mkulima. Tazama vipapasio, yaani vile vinyuzi viwili vya kichwani ambavyo mdudu hutumia kunusa na kugusa. Rafiki yetu wa madoadoa ana vipapasio vifupi vyenye kirungu kwenye ncha. Mbawakawa wa majani ana vipapasio vilivyonyooka kama uzi, kwa kawaida vya pingili 11, ambavyo aghalabu havivuki nusu ya mwili kwa mbali.

Hapa kuna mtego unaowaponza wengi. Katika kundi hilohilo la wenye madoadoa wamo wanaoitwa *Epilachna*, nao hula majani ya maboga, matango na mimea jamii ya bilinganya. Si mbawakawa wa majani kwa familia, japokuwa hasara wanayoleta inafanana. Picha iliyopigwa kwa ukaribu huwafichua: walao vidukari wana mgongo laini unaong'aa, ilhali *Epilachna* amefunikwa na vinyweleo vifupi vinavyomfanya aonekane amefifia. Tofauti hiyo moja, inayoonekana kwa simu yoyote nzuri, ingeokoa maelfu ya wadudu wenye faida.

Wa pili ni mbawakawa wa vipapasio virefu, ambao mabuu yao hutoboa miti. Hao ni jamaa wa karibu, na hata nyayo zao zinafanana na za mbawakawa wa majani: ukihesabu pingili za unyayo utaona nne, na ya tatu imegawanyika ncha mbili. Kwa kweli zipo tano, ila ya nne ni ndogo sana na imejificha katikati ya ncha hizo. Kinachowatofautisha kwa urahisi ni urefu wa vipapasio. Vikiufikia mwili wote au kuuzidi, huyo kwa kawaida si wa familia yetu.

Kushuka kutoka familia hadi jenasi

Watu wengi huruka hatua hii. Wakishajua ni mbawakawa wa majani, hukimbilia kutafuta picha inayofanana naye kwenye intaneti. Ni afadhali kwanza kujua ni wa kundi gani ndani ya familia, kwa sababu kundi hutambulika kwa umbo, na umbo halibadiliki kwa mwanga wala kwa umri.

Anza na kichwa. Kama hukioni kabisa ukimtazama kutoka juu, na mwili umetanuka pembeni kama kifuniko, yuko katika kundi la wenye umbo la kobe. Kama kichwa kinaonekana, tazama vipapasio vinapoota. Vikiota karibukaribu, katikati ya macho, yuko katika kundi kubwa la *Ootheca*, *Monolepta* na jamaa zao. Vikiota mbalimbali, kila kimoja upande wake, na mwili ni wa duara uliobinuka, yuko katika kundi jingine. Ndiyo maana picha ya uso ina thamani kubwa, na ndiyo maana wataalamu huiomba kila mara.

Kisha tazama miguu ya nyuma. Mapaja yaliyovimba ni alama ya mbawakawa warukao, kama yule wa kwenye bamia. Ndani ya paja hilo mna kifaa kigumu kilichojikunja ambacho hukusanya nguvu na kuiachia kwa ghafla. Baada ya miguu, tazama kifua. Ngao ya kifua, yaani sehemu iliyo kati ya kichwa na mabawa, ikiwa nyembamba kuliko mabawa na imebanwa katikati, hiyo ni dalili ya kundi la *Lema*. Mwili ukiwa wa umbo la mche duara mfupi, na kichwa kimezama kifuani, ni kundi ambalo mabuu yake hutembea na kifuko kilichotengenezwa kwa kinyesi chao wenyewe.

Kwa ufupi: uso, mapaja ya nyuma na umbo la kifua vinakupa kundi. Kundi likijulikana, orodha ya majina yanayowezekana hupungua sana.

Rangi hudanganya

Rangi ndiyo mahali pa kwanza macho yanapotua, na kwa mbawakawa wa majani ndiyo kitu cha mwisho cha kuamini.

*Ootheca* ni mfano mzuri. Katika shamba moja la kunde unaweza kukuta mwenye rangi ya chungwa, mwenye kahawia iliyoiva, na mwenye mabawa meusi, wote wakiwa spishi moja. Upande mwingine, spishi mbili tofauti zinaweza kuwa na rangi ileile. *Ootheca bennigseni*, aliyeelezwa na Mjerumani Julius Weise, ni mharibifu mkubwa wa maharage Tanzania, na *Ootheca mutabilis* hupatikana pia katika kanda yetu. Uganda nako zaidi ya spishi moja ya jenasi hii imekutwa kwenye maharage. Kuwatenganisha kwa rangi ya mgongo pekee ni kubahatisha.

Jambo hili limewasumbua hata wataalamu. Jenasi *Monolepta* ina mbawakawa wadogo wengi sana wa Afrika, na zamani kila mpangilio mpya wa rangi ulikuwa unapewa jina jipya. Thomas Wagner, Mjerumani aliyechunguza mbawakawa wa vilele vya miti katika msitu wa Budongo, Uganda, miaka ya 1990, ametumia miaka mingi kulipanga upya kundi hilo. Kigezo chake kikuu kimekuwa umbo la kiungo cha uzazi cha dume, ambacho lazima kitolewe mwilini na kutazamwa kwa hadubini. Majina mengi ya zamani yalipopimwa kwa kigezo hicho yaligeuka kuwa rangi tofauti za mdudu mmoja. Hakuna kamera inayoweza kukiona kiungo hicho mdudu akiwa hai juu ya jani, na anayetumia picha anapaswa kuukubali ukweli huo tangu mwanzo.

Umri nao hubadilisha rangi. Mbawakawa aliyetoka karibuni kwenye ukoko wake huwa amepauka, na hukolea baadaye. Mwanga pia hucheza: rangi ya kijani au buluu inayometameta haitokani na wino mwilini, bali na namna tabaka nyembamba za ganda zinavyorudisha mwanga. Ukihamisha simu kidogo, kijani kinaweza kuwa shaba.

Hata hivyo kuna mahali ambapo picha humshinda mdudu aliyechomwa sindano makumbushoni, na hilo hunifurahisha sana. Baadhi ya mbawakawa wenye umbo la kobe wanaoishi kwenye matembele hung'aa kama dhahabu wakiwa hai. Mng'ao huo hutegemea unyevu ulio katika tabaka za ganda lao. Wakifa na kukauka, dhahabu hupotea na kubaki kahawia. Mtu anayefungua droo ya mkusanyiko wa zamani hawezi kuiona. Picha yako ya asubuhi shambani, hata ya simu ya bei ndogo, huhifadhi kitu ambacho makumbusho hayakuweza kukihifadhi.

Mmea ni nusu ya jina

Mbawakawa wa majani wengi hawali kila kitu. Mmoja hula jamii ya kunde, mwingine jamii ya viazi vitamu, mwingine jamii ya maboga. Kwa hiyo picha ya mmea hukata majina mengi kuliko picha yoyote ya mgongo.

Chukua mbawakawa wawili wa njano wenye michirizi myeusi. Mmoja ni *Leptinotarsa decemlineata*, adui maarufu wa viazi mviringo, ambaye asili yake ni Amerika Kaskazini, akaanza kuharibu mashamba ya viazi ya Nebraska mwaka 1859, na baadaye kuenea Ulaya na sehemu za Asia. Mwingine ni *Zygogramma bicolorata* kutoka Mexico. Huyu alipelekwa India mwaka 1984 kwa makusudi ili ale gugu karoti, lile gugu la maua meupe linalowasha ngozi na kuvamia malisho, na baadaye akaachiliwa pia Ethiopia na Afrika Kusini kwa kazi hiyohiyo. Wa kwanza ni balaa. Wa pili ni mfanyakazi aliyeajiriwa. Ukinitumia picha ya mgongo tu, nitasita. Ukinionyesha kwamba yuko juu ya gugu karoti, na majani yameliwa, sina tena wasiwasi mkubwa.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito: majani yameliwa. Mdudu aliyetua tu si mdudu anayekula. Upepo humtupa popote, na jioni hupumzika popote. Tafuta ushahidi wa mlo: kingo mbichi za tundu, kinyesi, mayai chini ya jani, mabuu. Mbawakawa warukao huacha vitundu vidogo vingi. *Ootheca* hula kati ya mishipa ya jani. Wale wenye miiba wa kwenye mpunga hukwangua uso wa jani na kuacha mistari myeupe inayofuata urefu wake. Buu wa mbawakawa mwenye umbo la kobe hubeba mgongoni magamba aliyoyavua pamoja na kinyesi, na ukimgusa huinua mzigo huo kujikinga. Picha ya buu kama huyo hukupa kundi papo hapo, hata mzazi wake asipoonekana.

Tarehe husaidia pia. *Ootheca* wakubwa hutoka ardhini mvua zinapoanza, hula majani, hutaga udongoni, na mabuu yao hula mizizi. Kizazi kipya hubaki kimetulia ardhini hadi mvua za msimu unaofuata. Mdudu wa chungwa kwenye maharage machanga, wiki za kwanza za mvua, ana uwezekano mkubwa wa kuwa *Ootheca* kuliko mdudu wa chungwa aliyekutwa kiangazi kwenye maboga, ambaye ningemfikiria kwanza kuwa *Aulacophora*, jenasi nyingine ya familia hii.

Picha za kupiga, kwa mpangilio huu

Nenda asubuhi mapema. Wadudu wakiwa na baridi hawana haraka. Usimsogelee huku kivuli chako kikimwangukia, kwa kuwa wengi wao hujiangusha chini wakihisi hatari. Weka kiganja au karatasi chini ya jani kabla hujaanza. Jua kali huweka doa jeupe kwenye ganda linalong'aa na kuficha kila kitu, kwa hiyo mkinge kwa mwavuli au ngoja wingu.

1. Mmea mzima, kisha jani na ua lake kama lipo.
2. Jani lililoliwa, juu na chini.
3. Mdudu kutoka juu kabisa, mwili wote ukiwa umeonekana sawasawa.
4. Mdudu kutoka ubavuni, ili mapaja ya nyuma yaonekane.
5. Uso wake, pamoja na mahali vipapasio vinapoota.
6. Mdudu karibu na rula au karatasi ya miraba, kwa ajili ya kipimo.

Picha ya kwanza na ya pili zipigwe kwanza kwa sababu mdudu huteka akili yote: akisharuka, watu huondoka wakiwa wameusahau mmea. Ukituma kwa WhatsApp, zitume kama faili, kwa maana picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza maelezo madogo unayoyahitaji.

Je, programu ya simu haitoshi?

Programu zinazotambua viumbe kwa picha zimefungua mlango mkubwa, na ninazipenda. Maarufu zaidi ni iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa shahada ya uzamili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Unapakia picha, kompyuta inailinganisha na picha zilizokwisha kutambuliwa, na inapendekeza majina. Kisha watu wengine huangalia na kukubali au kukataa.

Tatizo ni kwamba picha nyingi zilizomo zimetoka Amerika Kaskazini na Ulaya. Kompyuta haiwezi kupendekeza spishi ambayo haijafundishwa, na spishi nyingi za mbawakawa wa Afrika Mashariki hazina picha za kutosha. Basi hukuletea jamaa anayefanana anayeishi Ohio. Pendekezo lake la familia mara nyingi ni la kuaminika. La jenasi lihoji. La spishi litazame kwenye ramani ya mahali anapoishi kabla ya kulikubali.

Liko jambo zito zaidi. Uchunguzi wenye picha, tarehe na mahali, ukikubaliwa na zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa jina, hupewa daraja la kufaa kwa utafiti. Taarifa nyingi za aina hiyo hupelekwa GBIF, hazina ya kimataifa ya taarifa za viumbe iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye makao Copenhagen. Watu wawili wakikubaliana kwa kukisia, kisio linaingia katika hazina inayotumiwa na watafiti wa dunia nzima. Kwa hiyo usibofye "nakubali" kwa adabu. Kama umeona jenasi tu, andika jenasi.

Kwa mkulima, jenasi mara nyingi inatosha kabisa. Ukijua kwa hakika ni *Ootheca*, hatua za shambani ni zilezile kwa spishi zote za jenasi hiyo zinazoshambulia maharage: kubadilisha zao, kulima baada ya mavuno ili kuwafukua waliojificha ardhini, na kutorundika upandaji wote wiki ya kwanza ya mvua. Jina la jenasi lenye uhakika lina faida kuliko jina la spishi lililokisiwa.

Picha ikifika mwisho wake

Zipo kazi zinazotaka spishi kamili: kuchunguza mdudu mgeni aliyeingia nchini, kufuatilia nani anaeneza virusi vya mpunga, kuchagua mdudu wa kupambana na gugu. Hapo chukua wadudu wachache, waweke katika chupa ndogo yenye alkoholi ya asilimia 70, na utie ndani karatasi iliyoandikwa kwa penseli: mahali, tarehe, mmea, na jina la aliyekusanya. Wino wa kalamu nyingi huyeyuka ndani ya alkoholi.

Chupa hiyo ipelekwe kwenye ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe, pamoja na zile picha sita. Kutoka hapo inaweza kufika kwa wenye hadubini na mikusanyiko ya kulinganishia: kwa Tanzania, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu au vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo; kwa Kenya, Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, au icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 chini ya uongozi wa Thomas Odhiambo.

Picha za wale waliokosa jina usizifute. Zitunze zikiwa na tarehe, mahali na mmea, na kama unaweza zipakie mtandaoni zikiwa na jina la familia peke yake. Makundi mengi ya mbawakawa wa kanda yetu bado hayajapitiwa upya, na atakayelipitia kundi la mdudu wako kesho atahitaji kujua kwamba mdudu huyo alikuwepo shambani kwako, akila nini, na mwezi gani.